Kengele ya Babu na Kibeti Mwenye Ndevu za Hina

Kuna aibu inayomfanya mtu aombe ardhi ipasuke aingie. Yangu haikuwa hiyo, yangu mimi hata ardhi ingepasuka nikaingia, wale wazee wangechungulia shimoni na kuniuliza, "Bishar, na hiki kingine umekiandika nani?" Nimeinyamazia miaka mingi (mke wangu anajua, akitaka nizime redio anaanza tu kuitaja), lakini juzi shemeji yangu kaisimulia mbele ya watu akaanzia katikati, akaniongezea na machozi ambayo sikulia, basi nimeona bora niiseme mwenyewe na chumvi yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kwetu ni Garissa mjini, baba alifariki nikiwa mdogo nikalelewa na ndugu yake, Adeer Ibrahim (adeer kwa Kisomali ni ndugu wa baba), mwenye ngamia, mwenye tumbo, mwenye maneno. Kazi nilikuwa naifanya Hagadera, kambi ya wakimbizi, kwenye mradi mmoja wa maji, mtunza stoo: mabomba, mifereji, dawa ya maji, makaratasi ya kusaini. Bosi wetu alikuwa injinia mzungu, kijana mrefu ambaye pua yake iliungua jua siku ya kwanza na haikupona mpaka anaondoka, na kila Ijumaa baada ya swala, kazi ikiwa imefungwa, yeye na manesi wawili walikaa kwenye meza ya kantini na mchezo wao wa ajabu: karatasi, penseli, dadu zenye pande ishirini, na vijisanamu vya chuma vya ukubwa wa kidole gumba. Mmoja anakuwa shujaa, mwingine mwizi, mwingine mganga, injinia ndiye anayesimulia, mmefika pangoni, kuna joka, mnafanyaje, halafu dadu inarushwa na ndiyo inayoamua. Siku moja walipungukiwa na mtu wa nne wakaniita mimi.

Siwafichi, mchezo wenyewe ulinichosha, watu wazima wanabishana nusu saa kama mlango wa pango umefunguka au haujafunguka, na pango lenyewe halipo. Kilichoniteka ni vile vijisanamu. Vilikuwa vimekwisha kupakwa rangi, na si rangi ya kupaka tu, jamani, kulikuwa na kiunzi cha mifupa kimeshika upanga wenye kutu, na ile kutu yenyewe imechorwa, kulikuwa na shujaa ambaye jicho lake, jicho dogo kuliko punje ya ufuta, lina weupe na lina kidoa cheusi cha mboni katikati. Nilikaa nikajiuliza ni binadamu gani mwenye mkono wa kufanya hivyo, injinia akaniambia ni mdogo wake, yuko kwao, ndiyo kazi yake.

Nikaanza kuvikusanya. Na nilikuwa na sharti moja tu, kiwe kimeshapakwa rangi na mwenye mkono wake, kwa sababu injinia aliwahi kunipa vinne vitupu nikajaribu mwenyewe kwa rangi ya kucha ya shangazi na hina iliyobaki Idi, vikatoka kama wagonjwa wa tetekuwanga. Yule mdogo wake injinia naye alikuwa na ugonjwa wake wa kukusanya, yeye anakusanya kengele, za kondoo, za ng'ombe, za milangoni, basi tukaelewana kwa barua: mimi nanunua sokoni kengele za mbao za ngamia, zile tunazoziita koor, namtumia, yeye ananitumia vijisanamu viwili kwa kila kengele, vinakuja posta Garissa ndani ya kiboksi cha sabuni. Mwaka ulipoisha ninavyo zaidi ya thelathini.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia. Kwetu mtu hana jina moja, kuna la baba yake na kuna la utani, na la utani linafuata kasoro yake hadharani, mrefu ataitwa Dheere, mfupi ataitwa Gaab, anayechechemea ataitwa kwa kuchechemea kwake mpaka aingie kaburini na hakasiriki mtu. Mimi jioni kule kambini, peke yangu kwenye chumba cha mabati, nikaanza kuvipa vile vijisanamu majina ya watu wa mjini kwetu. Jitu nene lenye rungu la mfupa nikaliita Adeer. Mchawi mwenye kanzu ndefu na fimbo, na moto unamwaka kiganjani, nikamwita Sheikh (Mungu anisamehe, ilikuwa ni ndevu tu zilizofanana). Na kwa sababu mtunza stoo haachi kitu bila alama, kila jina nikaliandika chini ya nyayo kwa ile kalamu isiyofutika, tena kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa madrasa, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Halafu ikaja barua yenye picha. Pichani kuna kibeti, mfupi, mpana, amesimama juu ya jiwe na shoka lake, ndevu nyekundu za rangi ya hina mpaka kiunoni, na uso umekunjwa hivi kama anayekataa bei. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa Haji Gaab, mfanyabiashara wa mifugo pale Garissa, mfupi, mpana, ndevu za hina, ambaye mnadani husimama juu ya gunia la sukari ili aonekane anapokataa bei. Barua ilisema hicho hakitolewi kwa kengele ya sokoni. Anataka ya zamani, iliyovaliwa, yenye alama za shingo ya ngamia.

Ya namna hiyo nilikuwa naijua moja tu. Babu aliichonga kwa mkono wake, ilivaliwa na ngamia jike anayeongoza kundi letu, na alipokufa huyo ikahamia kwa binti yake, Adeer alikuwa akiisikia kwa mbali anasema, "Baba anakuja." Nikachukua likizo ya siku mbili nikaenda kisimani walikokuwa ngamia wetu. Magharibi, makundi yamechanganyika, letu na la Haji Gaab, vumbi tupu, wachungaji wanapiga kelele, nikamkaribia yule ngamia nikaifungua. Niliijaza majani mdomoni isilie. Nilijiambia wiki ijayo nitaleta mpya nimvalishe, na nani atajua, mbao ni mbao. Nikaipeleka posta, na kibeti kikaja.

Kabla wiki haijaisha Adeer alishajua, kwa sababu ngamia wetu walipotea siku tatu bila ile sauti. Na kwa kuwa makundi yalichanganyika kisimani, akasema wameiba wachungaji wa Haji, vijana wawili, Bare na Gedi. Aliwataja msikitini, mbele ya watu. Haji akasema watu wake hawaibi. Adeer akasema basi kengele imeota miguu. Wakaacha kusalimiana, nyumba kwa nyumba, mwaka mzima, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nasikiliza nikinywa chai, na kibeti kiko mfukoni. Ningesema siku ile ingekuwa ni bakora na msamaha. Sikusema, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Na ingeishia hapo, ila mimi nikampenda Sahra. Sahra alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mcheshi, mkali wa macho, na alikuwa, bila shaka mmeshajua, binti ya Haji Gaab. Tulikuwa tukiandikiana barua zinazopitia kwa kaka yake. Nilipomwambia Adeer nataka kuoa nani, akasema labda ni heri, posa itamaliza ugomvi, yeye atakuwa mkubwa na atasamehe. Nikasema ndiyo, Adeer. Hivyo tu nilisema.

Siku ya kupeleka posa nyumba yetu ilijaa wanawake tangu asubuhi, na mama alikuwa ameapa kwamba akiyaona tena yale masanamu yanayozuia malaika kuingia ndani, atayatupa chooni yote. Nikaogopa. Nikavichukua vyote, vilikuwa arobaini na vitatu, nikavifunga kimoja kimoja kwa pamba, nikavipanga ndani ya kopo tupu la halwa, nikafunika, nikazungusha ile ile gundi ya karatasi wanayofungia halwa dukani, nikalisukuma nyuma ya kiti cha pikapu ya Adeer. Huo ndio uamuzi wangu mdogo wa siku hiyo, na nilijiona mjanja. Sikujua kwamba baadaye yatapakiwa makopo sita ya halwa ya posa kwenye gari hilo hilo, wala sikukumbuka kwamba vijisanamu vya chuma vikijaa kopo huwa na uzito sawasawa na halwa.

Kwa desturi mposaji hakai na wazee. Lakini dereva wa Adeer alilala na malaria, gari nikaendesha mimi, basi nikabaki kwa Haji, nimekaa karibu na geti kwenye viatu. Mikeka imetandikwa uani, baada ya swala ya Alasiri, wazee wetu upande huu, wazee wao upande ule, Bare na Gedi wamekaa nyuma ya Haji wameinamisha vichwa. Katikati alikaa Sheikh wetu, mzee wa Lamu aliyetufundisha madrasa sote, na kwa heshima yake siku hiyo mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake. Dirisha la chumba cha wanawake lilikuwa wazi, pazia limeshushwa, nikajua Sahra yuko nyuma yake.

Adeer alizungumza vizuri mno, na hapo mwisho akafungua mikono akasema, "Hata ile maneno ya kengele, sisi nasamehe. Mtu akichukua, ni shetani. Leo tumesamehe kabisa."

Haji akajibu taratibu, "Nyinyi nasamehe. Lakini watu yangu hakuchukua."

"Yapite hayo, wazee," akasema Sheikh. "Leo ni siku ya heri." Na mimi kule kwenye viatu nikasema moyoni alhamdulillahi, yamepita, nimeokoka.

Ndipo nikaona binamu zangu wanashusha makopo. Moja, mawili, nikahesabu kwa furaha tu, matano, sita. Saba. La saba lilikuwa juu kabisa, na mtu mmoja wa kwao alishalifungua kabla sijasimama, akalimimina kwenye sinia kubwa kando ya bakuli la buni zilizokaangwa kwa samli. Zikamwagika pamba nyeupe nyeupe. Watu wakadhani ni peremende za Nairobi, mtu akasema mashallah, siku hizi wanafunga mpaka halwa.

Wa kwanza kupewa alikuwa Awowe Shide (awowe ni babu), ami yake Haji, mkubwa kuliko wote pale, macho yana mtoto wa jicho, na kinywani amebakiwa na meno mawili. Akavua pamba kwa vidole, akasema bismillahi, akauma. Tulisikia mlio. Akatafuna mara nyingine kwa subira, kisha akasema, "Hii halwa iko na mfupa." Na alikuwa mkweli, maana alipotema mkononi kilitoka kile kiunzi cha mifupa na upanga wake wa kutu, na kando yake jino.

Mtu akaanza, "Audhubillahi," mwingine akafungua pamba yake akakuta joka, mwingine mwanamke mwenye upinde na miguu wazi akamtupa kama kaa la moto, na upande wao mtu akauliza kwa sauti kama watu wa Ibrahim wamekuja kuposa au kuroga. Sheikh akainua mkono. Akavaa miwani, akakiangalia kimoja kwa muda, akasema, "Huu si uchawi. Mchawi hana wakati wa kupaka rangi ikakaa vizuri hivi." Nikaanza kupumua. Kisha akakigeuza chini juu.

Nilimwona anasoma. Nilimwona anasoma tena.

"Mwandiko huu naujua," akasema, "mimi ndiye niliyeufundisha. Bishar, njoo hapa."

Nikaenda, peku, nikiruka viatu vya watu. Alikuwa amemshika yule mwenye fimbo na moto. "Hapa pameandikwa Sheikh. Huyu bwana kazi yake ni nini?"

"Ni msomi, Sheikh."

"Na huu moto mkononi?"

"Ni taa," nikasema, "anasoma."

Adeer, kuniokoa, akaingilia kwa ile sauti yake ya mnadani kwamba hicho ni kitu ya watoto, tumeletea watoto ya hii nyumba zawadi, na Sheikh akampa lile jitu nene lenye rungu. Adeer akaligeuza. Akaangalia tumbo la jitu, akaangalia jina, na nikaona mkono wake mwingine unakwenda wenyewe kushika tumbo lake. Basi kila mzee akaanza kuvua pamba na kugeuza, yule anajikuta ni panya mwenye mkuki, yule anajikuta ana masikio ya popo, yule hajajikuta anatafuta kwa wenzake, na kila jina likisomwa kuna mtu upande wa pili anacheka halafu anakumbuka kwamba hatakiwi kucheka. Ningefia hapo, nawaambia kweli, ningefia hapo na nisilalamike.

Lakini Haji Gaab hakucheka. Alikuwa amejipata. Kibeti kilikuwa kiganjani mwake, kimesimama juu ya jiwe lake, na Haji anakiangalia, uso umekunjwa, na kibeti kinamwangalia, uso umekunjwa. Akapitisha kidole kwenye zile ndevu. Tukamsubiri alipuke. Yeye ni mtu wa mifugo, na mtu wa mifugo akishika kitu swali lake la kwanza ni moja tu.

"Hii," akasema, "umetoa nini ukabata?"

Ningeweza kusema chochote. Ningesema nimepewa. Lakini nilikuwa nimeshtuka mpaka uongo umenitoka wote kichwani, na jibu likatoka lenyewe kama kikohozi: "Kengele ya babu."

Adeer alikuwa bado ameshika lile jitu. Aliliweka chini kwenye mkeka polepole sana. Hakunipiga, na ningeomba anipige. Aligeuka akawaangalia Bare na Gedi, ambao kwa mara ya kwanza jioni ile walikuwa wameinua vichwa, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo, "Mwaka moja. Mwaka moja mimi hapana salimia hawa watu." Halafu akavua kofia, akaishika magotini, akakaa hivyo mbele ya wale watu aliokuja kuwasamehe. Nilijisikia vibaya siku nyingi maishani, lakini kumwona mzee wangu amevua kofia kwa ajili ya uongo wangu, hilo sijalizoea mpaka leo.

Haji akasema, "Ngamia nasikia hii kengele, nafuata. Wewe umetoa kengele, umechukua mimi, mdogo hivi." Akapima kwa vidole viwili. Hakuna aliyecheka.

Kwetu ukimvunjia mtu heshima unamtolea fidia, inaitwa haal, mara nyingi ni mnyama. Sheikh akasema posa isimame mpaka haal itolewe kwa vijana wale wawili, na wazee wetu wakaanza kujikusanya waondoke, nami nikajua ndiyo imekwisha, Sahra nimempoteza, na nimempoteza kwa kidude cha chuma. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, mahari ni yangu au ni ya wazee?"

Uwanja mzima ukageuka dirishani. "Ni yako, binti yangu," akasema Sheikh.

"Basi nataka hiyo kengele. Si ya kufanana nayo. Hiyo hiyo. Siku italia mlangoni kwetu ndiyo siku nitaolewa, na isipolia, mniache nifundishe."

Vijisanamu vilibaki kwao, hakuna mtu wetu aliyekubali kuvishika. Nilimwandikia mdogo wake injinia barua yenye kurasa nne, nikamweleza yote, nikamwambia nitamrudishia kila kitu alichowahi kunipa. Kaka yake Sahra akaniletea lile kopo stoo. Nilivihesabu juu ya meza, nikivifunga tena pamba, na siwaambii nilivyovitazama: vilikuwa arobaini na viwili. Kibeti hakimo. Nikatuma mtu kwa Haji kuuliza, jibu likarudi kwamba Haji hajui kitu kama hicho, na nisimletee tena maneno ya midoli nyumbani kwake. Nikapeleka posta pungufu, roho juu, kwa sababu kilichokosekana ndicho kilichobadilishwa kwa kengele, na yule bwana akikataa ana haki.

Nilisubiri miezi minne. Kila nikienda Garissa naangalia sanduku la posta na kila mara ni buibui tu. Adeer hakuwa akinisemesha zaidi ya salamu, Sahra alikuwa ameacha kuandika, na Hagadera hakuna Ijumaa niliyokaa tena kantini. Siku kiboksi kilipokuja nilikifungulia hapo hapo kwenye foleni. Kengele ilikuwa imejazwa magazeti mdomoni isilie njiani, na kikaratasi: "Naona mzee mwenye ndevu hakupenda kusafiri. Mwache abaki." Nikayavuta yale magazeti, nikakumbuka majani ya kisimani, na kengele ikalia pale posta, na bibi mmoja wa porini aliyekuwa mbele yangu akageuka akaniuliza ngamia yuko wapi.

Mnadhani imeisha. Bado haal. Adeer alikuwa amewapa Bare na Gedi wachague mnyama katika kundi lake, yeyote, hata anayeongoza. Wakashauriana, wakasema mnyama hawataki. Wao walitembea mwaka mzima mji mzima unawaangalia kama wezi, kwa hiyo wanataka kengele iende kwao Sahra kama inavyotembea kengele, shingoni, kutoka mnadani mpaka mlangoni, na wao wawili nyuma wanachunga. Sheikh alifikiri sana, akasema hajaona kitabu kinachokataza.

Siku ya soko, asubuhi, mimi Bishar, mtunza stoo, mwenye suruali iliyopigwa pasi, nilivalishwa koor ya babu kwa kamba ya ngozi nikapitishwa katikati ya mji wa Garissa, na Bare na Gedi nyuma wana fimbo, wananipigia mluzi ule wa kisimani, nikienda kulia wananirudisha kushoto. Watu walitoka madukani. Wanafunzi wa darasa la tatu walijipanga (nani aliwaruhusu kutoka, nadhani mnamjua). Mzee mmoja aliwauliza bei, Gedi akamjibu kwamba huyu hauzwi, hana maziwa. Nilitazama chini njia nzima, na kengele inalia tu kila hatua, na karibu na mlango wa Haji nikamwona Adeer amesimama, macho amefumba, anaisikiliza. Ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa, si kwa sababu yangu, kwa sababu ya ile sauti.

Sahra akafungua mlango, akanivua ile kengele mwenyewe, na siku ile ile tukafungishwa ndoa. Tangu hapo ni mali yake. Iko ukutani, na nikikaribia duka lolote lenye vitu vidogo vilivyopakwa rangi, au nikianza tu kusema "hicho ni kizuri," anakumbusha kwamba kamba ya ngozi bado ni nzima.

Haji Gaab alitutoka miaka mingi baadaye, Mungu amrehemu. Sahra na kaka yake walipokuwa wakigawa nguo zake walinipa mimi koti lake la mnadani, lile ambalo hakulivua jua wala mvua, nami nikatia mkono mfukoni. Alikuwa bado juu ya jiwe lake. Shoka lilikuwa limevunjika, ndevu zimepauka kwa kushikwashikwa, na nilipomgeuza, jina nililoliandika kwa kalamu isiyofutika lilikuwa limefutika lote. Nimemrudisha mfukoni humo humo. Sitaandika tena jina la mtu chini ya kitu chochote, na kengele ya mtu nitaiacha shingoni kwa ngamia wake.